Upana wa Boriti

Alalaye chali katika nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu, saa za jua kali ambapo mji mzima umejificha vivulini, hukabiliana na boriti: miti ya mikoko iliyolazwa sambamba juu ya kichwa chake, mmoja baada ya mwingine, toka ukuta hata ukuta, mingine imepakwa rangi na mingine imeachiwa weusi wake wa uzee, na juu ya miti hiyo vipande vya matumbawe, na juu ya matumbawe chokaa iliyopondwa hata ikawa jiwe moja. Akiitazama kwa muda huanza kuihesabu, na akiisha kuihesabu huanza kuipima kwa macho, na hapo hung'amua jambo ambalo wenyeji hawana haja ya kuambiwa, kwamba chumba kile hakina upana kuushinda ule ambao mti uliweza kuuvuka. Mkoko, hata ukinyooka na kukomaa namna gani, una mwisho wake. Ukitakiwa kubeba dari nzito bila kupinda, hauwezi kuziunganisha kuta zilizoachana zaidi ya mita 3 hivi, na aghalabu ni pungufu ya hapo. Basi vyumba vya mji ule vilizaliwa vyembamba na virefu, na tajiri mwenye majahazi alilala katika upana ule ule aliolala jirani yake mwenye shamba moja la minazi. Ukwasi ulimwongezea urefu wa chumba, na idadi ya vyumba, na kimo cha dari, na nakshi za zidaka, lakini upana haukumwongezea hata shubiri. Nazijua kanuni chache za ujenzi zenye uadilifu kama huo.

Miti hiyo ilikatwa katika hori za maji ya chumvi za visiwa vya Lamu na mwambao wake, na wakataji waliipa majina kwa unene, fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, wakaihesabu kwa korja, yaani 20 kwa 20, kabla ya kuipakia. Pepo za kusi zilipokuja, majahazi yaliipeleka Omani, Bahareni na Kuwait, nchi za mchanga na jua zisizojaliwa mti wa kufaa kubeba dari, na huko nako chumba kikachukua upana wa mti uliotoka pwani yetu. Methali yasema penye miti hapana wajenzi. Katika jambo hili penye miti palikuwa na wajenzi na pasipo miti palikuwa na wajenzi pia, na wote walitii kipimo kimoja. Biashara hiyo ilidumu dahari, hata serikali ya Kenya ilipokataza mikoko kupelekwa nchi za nje mwaka 1982. Watu wasioonana kamwe, mmoja Kuwait na mmoja Pate, walikuwa wakinyoosha miguu usiku katika vyumba vya upana mmoja, kwa sababu ya mti uotao topeni.

Iliwezekanaje basi watu wenye staha na watoto wengi waishi aushi yao katika vyumba ambavyo mtu akilala kwa upana wake hubakia nafasi ya mwenzake kupita tu, wala wasijione kuwa wamo katika dhiki? Jawabu halimo chumbani. Mgeni aliyefika mlangoni alipokewa na daka lenye viti vya mawe pande mbili, mahali ambapo mtu alikuwa amekwisha fika lakini hajaingia. Na kutoka daka njia ilipinda, ili jicho la mpita njia lisipenye ndani. Na baada ya mpindo huo kilikuwapo kiwanda, uwanja mdogo usio na paa, ambao kwao mwanga na upepo na mvua viliingia nyumbani kwa halali. Vyumba vyembamba vilifuatana nyuma ya kiwanda hicho, msana wa chini, kisha msana wa juu uliopandishwa kidogo, kisha ndani, kila kimoja kikizidi giza na kikizidi faragha, na kila kimoja kikipokea pumzi kutoka kwa kile kilichokitangulia. Chooni palikuwa na birika la maji lililotiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, nao samaki hao walikuwa sehemu ya nyumba kama mlango ulivyo sehemu ya nyumba. Na nje ya mlango kulikuwa na baraza, na mbele ya baraza njia, na mwisho wa njia msikiti, kisima, soko na bahari. Haki lazima isemwe: upana huo wa nje ulikuwa wa wanaume kuliko wanawake, ingawa wanawake nao walijipatia njia zao za juu, wakipita kwenye wikio zilizounganisha nyumba na nyumba juu ya vichochoro, wakafika kwa mashoga zao bila kukanyaga chini.

Siku hizi, katika nchi ambazo chuma na saruji havimwekei mjenzi mpaka, wapo watu wanaojitafutia mpaka wenyewe. Marekani, ambako nyumba mpya ya wastani ilikuwa chini ya futi za mraba 1,000 mwaka 1950, na ikapita futi 2,500 ulipofika mwaka 2015, ilhali watu wakaao ndani ya kila nyumba walizidi kupungua, wako waliochoka kulipa deni la nyumba kwa miaka 30 ili wafagie vyumba wasivyovilalia. Mmoja wao, Jay Shafer, alijijengea mwaka 1999 kijumba cha mbao juu ya tela la magurudumu, kwa kuwa kanuni za ujenzi za kwao hazikukubali kukiita nyumba kitu kidogo kiasi kile, na wengi wamemfuata tangu hapo. Vijumba hivyo aghalabu havipiti futi 8 na nusu kwa upana, maana huo ndio upana ambao chombo huruhusiwa kupita nao katika barabara zao bila kibali maalumu. Na futi 8 na nusu ni mita 2.6, kipimo ambacho mwashi wa Lamu asingekistaajabia. Sheria ya barabara kule imefanya kazi ile ile iliyofanywa na mkoko huku. Baadaye, katika toleo la mwaka 2018, kanuni za mfano za ujenzi zifuatwazo na majimbo mengi ya huko ziliongezewa kiambatisho kinachoitambua nyumba isiyozidi futi za mraba 400, ambazo ni kama mita za mraba 37, na hivyo kijumba kikaanza kupata cheo cha nyumba hata kisipokuwa na magurudumu.

Naielewa tamaa hiyo na naiheshimu. Nyumba kubwa humtawala mwenyewe. Humdai rangi, humdai fagio, humdai samani za kujaza pembe zake, na samani hizo nazo humdai fedha, na fedha humdai siku za maisha yake, hata mtu akajikuta ameuuza mchana kutwa ili anunue mahali pa kulala usiku. Katika kijumba kila kitu kina mahali pake na kila mahali pana kazi yake. Ngazi ina droo ndani ya vidato vyake, meza hukunjwa ukutani, na mtu hawezi kununua sufuria mpya bila kwanza kuamua ni ipi itoke. Kuna utulivu mkubwa katika kujua kwa hakika vitu vyote ulivyo navyo. Pabaya pako si pema pa mwenzako, walisema wahenga, na anayelala chini ya paa lisilo na deni hulala usingizi ambao mwenye kasri la mkopo haupati.

Wala si tamaa ya leo. Bibi Aisha alisimulia kwamba alikuwa akilala mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, pale aliposimama kusali usiku, na Mtume alipotaka kusujudu humgusa, naye hukunja miguu apate nafasi ya kuweka paji lake, kisha akisimama huinyoosha tena; na nyumba za siku zile, aliongeza, hazikuwa na taa. Sioni maelezo mengine yanayokifikisha chumba machoni pangu kama miguu hiyo inayokunjwa na kunyooshwa gizani. Hassan al-Basri, aliyekulia pande za Madina, alikumbuka kwamba katika ujana wake aliweza kuzigusa kwa mkono dari za hujra, yaani vyumba vya wake wa Mtume. Zilipobomolewa kwa amri ya Khalifa al-Walid bin Abdulmalik ili msikiti upanuliwe, watu wa Madina walilia, na wapo waliosema laiti zingeachwa, vizazi vijavyo vikaone kile alichoridhika nacho aliyeshika funguo za mambo makubwa kuliko nyumba. Lakini jambo moja hupita bila kutazamwa: milango ya hujra zile ilifunguka msikitini. Mwenye kutoka katika chumba ambacho dari yake inaguswa kwa mkono aliingia, kwa hatua moja, mahali penye upana wa kukusanya umma.

Huko Japani, mwaka 1212, mtawa mmoja aitwaye Kamo no Chōmei aliandika habari za kijumba chake cha mlimani, chenye futi kumi kila upande, kilichoundwa kwa namna ya kubomoleka na kubebwa kwa mikokoteni miwili mwenyewe akitaka kuhama. Alikuwa ameuona mji mkuu ukiungua, ukipeperushwa na kimbunga, ukifa njaa na kutikiswa na zilizala, akaona wanaojisumbua kujenga makubwa wanajenga kuni na vifusi. Hata hivyo mwishoni mwa maandiko yake alijishuku, akajiuliza kama kukipenda kijumba chake nako hakukuwa pingu nyingine. Nampenda kwa shaka hiyo, kwani wengi wasifuo udogo wa nyumba zao hawafiki hapo. Hugeuza udogo kuwa fahari, na fahari ya mita 10 haina tofauti na fahari ya mita 1,000.

Mwenye kutajwa zaidi katika habari hizi ni mwandishi wa Kimarekani Henry David Thoreau, aliyehamia tarehe 4 Julai 1845 katika kijumba alichojijengea kando ya ziwa la Walden, karibu na mji wa Concord, chenye futi 10 kwa 15, akatangaza kwamba kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Wasomaji humshika kwa hesabu hiyo, nami nataka kumshika kwa sehemu yake moja. Mbao zake alizipata kwa kununua kibanda cha mtu aitwaye James Collins, mhamiaji wa Kiairishi aliyefanya kazi kwenye reli iliyopita hapo jirani, kwa dola 4 na senti 25. Mapatano yalikuwa kwamba Collins alipwe usiku ule na ahame alfajiri yake. Asubuhi mnunuzi aliwakuta njiani, mume na jamaa yake, wamebeba furushi moja kubwa lililokuwa na mali yao yote, kitanda, kinu cha kahawa, kioo na kuku. Paka tu ndiye asiyekuwamo, akakimbilia msituni, akawa paka mwitu, na mwishowe akafa mtegoni. Thoreau aling'oa misumari, akazianika mbao juani, akaanza kutafakari. Mbao zile zile, za dhiki kwa mmoja na za hekima kwa mwingine. Ila mmoja alikuwa na kiwanja alichokopeshwa na rafiki yake Emerson, na mji wa Concord wa kutembelea kwa miguu, na nyumba ya mama yake isiyo mbali, na mlango wa kurudia baada ya miaka miwili na zaidi. Collins alikuwa na furushi. Sisemi haya ili kumpunguzia Thoreau heshima. Nayasema kwa sababu kila tunaposifu kijumba yatupasa tuulize ni nani aliyekuwamo kabla, na amekwenda wapi.

Kwani katika miji yetu akina Collins ni wengi kuliko akina Thoreau. Ingia katika nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Manzese, jijini Dar es Salaam, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba vitatu huku na vitatu kule, kila chumba na familia yake, na kila familia imekwisha lipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Chumba ni futi 10 kwa 10, au zaidi kidogo. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali ili uvungu uweze kumeza masanduku, ndoo ya unga, beseni na masufuria ya shughuli. Pazia la kitenge limekigawa chumba pande mbili, huku kwa wazazi, huku kwa makochi mawili ambayo usiku husogezwa ukutani ili mkeka wa watoto utandikwe, na alfajiri mkeka hukunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango. Juu ya kabati la vyombo kipo kitambaa cheupe cha kufuma, kimenyooshwa pasi. Hakuna msanifu wa vijumba, wa California wala wa Kyoto, awezaye kumfundisha mama wa chumba hicho kunga ya kutumia nafasi. Lakini yeye hakuuchagua udogo huo, na mwaka hadi mwaka huomba Mungu amwondolee. Na chini ya bati lisilo na dari, mwezi wa Februari, chumba hicho hutoa joto ambalo nyumba ya Lamu, kwa kuta zake nene za matumbawe, hailijui.

Kinachomwezesha mama huyo kuishi humo bila kuvunjika moyo ni kile kilicho nje ya mlango wake. Jiko lake la mkaa liko uani, na uani ndiko anakochambua mchele, anakosuka nywele, anakofua, anakogombana na kupatana. Mume wake yuko barazani na bao. Watoto wako njiani mpaka magharibi. Chumba ni mahali pa kuhifadhi miili na siri. Maisha yenyewe yamepangishwa bure na mtaa. Le Corbusier, msanifu aliyesifiwa duniani kote, alipojijengea kibanda chake cha mapumziko huko Roquebrune-Cap-Martin, pwani ya kusini ya Ufaransa, mwaka 1952, mraba wa mita 3.66 kwa 3.66, hakutia jiko ndani yake kwa kuwa kibanda kiliegemea mgahawa wa rafiki yake, na mlango ulitobolewa baina yao. Akihisi njaa alipita mlangoni, akihisi joto alishuka baharini. Alijua alichokuwa akifanya. Mita 13 za mraba humtosha mtu ambaye ukuta wake mmoja ni mkahawa na mwingine ni bahari.

Ndiyo maana kijumba kilichoegeshwa peke yake katikati ya shamba, hata kiwe kizuri namna gani, kinanitia huzuni kidogo. Kizuri hakikosi ila, na ila ya kijumba huonekana siku ambazo maisha yanavimba. Mvuke wa kupika na pumzi za watu wawili hulowanisha kuta za ndani wakati wa baridi. Kitanda kilichowekwa darini hupandwa kwa ngazi, na magoti ya mtu wa miaka 70 hayana habari na uzuri wa ngazi. Mtoto akizaliwa hana pembe ya kulilia. Lakini mtihani mkubwa ni msiba. Chumba cha futi 10 cha Manzese hupokea msiba wa watu 200 na kikaumudu: turubai hufungwa njiani, magari huzuiwa, mikeka hutoka nyumba 20, wanawake huingia vyumba vya majirani, masufuria yale ya uvunguni hutoka, chakula hupikwa kwenye kiwanja cha wazi, na kwa siku tatu mtaa wote huwa nyumba ya mfiwa. Harusi nayo vivyo hivyo. Waarabu husema mtazame jirani kabla ya nyumba, na kwa mwenye kijumba maneno hayo ni sehemu ya ramani ya ujenzi, kwa kuwa jirani ndiye chumba chake cha wageni.

Na uani, baraza na viwanja vya wazi ndivyo tunavyovipoteza. Uani kunajengwa vyumba vya kupangisha, bafu likisogezwa, jiko likirudishwa ndani, mpaka kamba ya nguo inakosa pa kufungwa. Baraza zinazungushiwa ukuta na mageti. Viwanja vya wazi vilivyoachwa kwenye ramani za miji vinageuka maduka na gereji. Halafu tunaambiwa kwamba watu wa mijini wajifunze kuishi katika nafasi finyu, kwani ardhi ni ghali, nami nakubali kwamba ni ghali, na nakubali kwamba chumba kidogo si aibu. Nisichokikubali ni kuchukuliwa chumba na njia kwa pamoja. Wapimaji wa viwanja na madiwani wa mitaa yetu wanaweza kupunguza ukubwa wa nyumba, lakini wasiuguse uwanja. Wenye nyumba, nawasihi, acheni uani uwe uani, hata kama kodi ya chumba kimoja itapotea. Na wewe msomaji, ukijaliwa kiwanja chako, cha futi ngapi sijali, anza kwa kuangalia ni wapi litakapofungwa turubai siku ya msiba wako na wa jirani yako, kisha ndipo umwite fundi.